Nane ya Mzee Bwire

Siku mliyoniaga pale kantini nilipostaafu, mmoja wenu alinipa kisu nikate keki. Nikaikata vibaya, kipande kikatoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Akacheka, akasema, "Mama Kabula, hapo umefanya nane ya Bwire!" Kantini nzima ikaangua kicheko. Nikatabasamu kwa sababu nilikuwa napigwa picha, nikatia keki mdomoni.

Nilipopata nafasi nikamwita kando, nikamuuliza taratibu, "Bwire ni nani?"

"Sijui, mama. Nasikia ni fundi mmoja wa zamani aliyeua kebo ziwani kwa kutojua kuhesabu."

Kwa kutojua kuhesabu! Simlaumu kijana huyo. Neno alilikuta. Kwetu, kuharibu kazi kizembe ni kufanya nane ya Bwire, hata madereva wanasema hivyo, na mimi nimelisikia miaka yote hiyo na sikufungua mdomo. Sasa mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. Haya, naandika. Anayetaka kujua nilivyopanda vyeo aende masijala, watampa faili. Mimi nataka kusafisha jina la mtu mmoja, na inabidi niharakishe, maana waliokuwepo wamebaki wachache na mwenye kujua yote ni mimi peke yangu.

Niliingia shirika letu la umeme nikiwa binti wa Usagara niliyetoka chuo cha ufundi, nikapangiwa chumba cha michoro. Wakati huo mchoraji alikuwa na meza pana iliyoinama, kalamu za wino, rula ya herufi T, na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwangulia makosa kwenye karatasi ya kunakilia. Mkuu wangu aliniambia siku ya kwanza kwamba mchoraji mzuri hajulikani kwa kalamu yake, anajulikana kwa jinsi wembe wake ulivyo mkali. Nilidhani ananitania. Baada ya wiki moja nilikuwa nimetoboa karatasi tatu.

Siku hiyohiyo ya kwanza aliingia mzee mmoja mfupi mwenye mikono minene, akasimama nyuma yangu akitazama ninavyochora roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani jina?"

"Kabula."

"Karibu, Kabura."

"Kabula, mzee."

"Ndiyo nimesema. Kabura."

Huyo ndiye Mzee Bwire, fundi kamba wetu, Mjita wa kule Majita. Alikuwa amefanya kazi kwenye vivuko miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Kitu chochote kizito kilichoinuliwa, kuvutwa au kushushwa majini kilipitia mikononi mwake kwanza. Aliniita Kabura mpaka siku ya mwisho niliyomwona.

Yeye ndiye aliyenitoa chumbani. Alikuwa hapendi wachoraji wanaochora kamba wasiyoishika. Siku moja alinipeleka karakana, akanitupia kamba ndefu, akasema, "Ikunje." Nikaikunja duara juu ya duara, vizuri kabisa, nikajisifu moyoni. Akashika ncha, akavuta kwa kasi. Lo! Kamba iliruka vitanzi, kimoja hapa kingine pale, na cha mwisho kikanikamata kidole.

"Umeona? Kila duara moja uliloweka, umeisokota mara moja. Wewe hukuona, yenyewe imeona."

Kisha akaikunja tena kwa namna yake. Mkono wake ulikwenda kulia, ukarudi kushoto, kulia, kushoto, na pale chini likatokea umbo la tarakimu nane iliyolala. Akavuta ncha. Kamba ikatoka imenyooka kama maji ya bomba.

"Huku nimeisokota, huku nimeisokotoa. Hatudaiani," akasema. "Kamba haisahau, Kabura. Ukiipinda inainama tu, ukiiachia inanyooka. Ukiisokota inaweka kinyongo. Na kinyongo hakitokei pale ulipokosea. Kinakusubiri mbele, siku umelegea."

Akina sisi tulizoea kuita hivyo: kukunja nane. Karakana nzima ilijua kwamba hapo nane ni umbo, hakuna anayehesabu kitu. Shikeni hilo neno, tutalirudia.

Basi ikaja miaka ya tisini na soko huria lake. Ghafla kila tulichokuwa tunafanya wenyewe tukaambiwa hatukijui. Kila wiki alishuka mgeni uwanja wa ndege pale Ilemela na mkoba wake, akatutazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa mnada, akaondoka. Tukaanza kusikia maneno mapya: ufanisi, mbia, kupunguzwa. Hili la mwisho tulilielewa mapema. Watu wakawa wanasalimiana asubuhi kwa kuulizana kama orodha imetoka.

Katikati ya hayo ndipo ilipokuja kazi ya kupeleka umeme kisiwani kwa kebo ya kulaza chini ya ziwa. Kisiwa sitakitaja, kina wenyewe. Zamani kazi ile tungepewa sisi. Safari hii alipewa mkandarasi, na juu ya mkandarasi akawekwa Mshauri, mhandisi Mtanzania mwenzetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni na kompyuta yake ndani ya boksi la sponji. Kijana safi, mwenye adabu ya juu juu. Mzee Bwire alimtangulia kusalimia, akajibiwa "poa." Poa! Mzee wa umri ule!

Kompyuta ilikuwa na mchoro mzuri, siwezi kusema uongo. Ilionyesha kebo inavyoning'inia kutoka chomboni hadi chini ya maji, ikipinda polepole, kijani mahali salama na nyekundu mahali pa hatari. Mshauri alibonyeza, mstari ukasogea. Wakubwa wakapiga makofi. Nami nilipiga. Lakini nilipokuwa natoka Mzee Bwire akaninong'oneza, "Hiyo inajua kupinda. Umeiuliza kusokotwa?"

Nikarudi kuuliza. Mshauri akasema kusokotwa hakukuwekwa, kwa sababu kebo itatoka kwenye gurudumu lake la mbao, na kebo inayotoka kwenye gurudumu haisokotwi. Hapo alisema kweli kabisa. Ila gurudumu lenyewe lilikuwa zito mno, na tishali waliyokodi, kile chombo bapa kinachovutwa na boti, haikuwa na namna ya kulibeba na kulizungusha. Kwa hiyo mkandarasi alikuwa ameamua kuitoa kebo yote kwenye gurudumu na kuikunja juu ya tishali. Aikunje vipi? Duara, kwa sababu duara linakula nafasi ndogo. Kompyuta haikuambiwa habari hiyo. Ilikuwa inachora kebo ya gurudumu wakati watu wanajiandaa kulaza kebo ya duara, na hakuna aliyeona aibu.

Nikaamua kuwaonyesha kwa mfano. Nilipasua mapipa mawili kwa urefu, nikayaunganisha, nikayajaza maji, hilo likawa ziwa langu. Kebo ilinisumbua. Uzi wa cherehani ulikuwa laini mno, ulijikunja bila sababu. Kamba ya katani ikaelea. Mwisho nikaenda Igoma kwa mafundi baiskeli, nikanunua nyaya ndefu za breki, nikaziunganisha. Waya wa breki nao umesokotwa kwa nyuzi za chuma, kama zile zilizofunika kebo yetu. Kabla ya kuutumia niliubana ncha moja mezani, nikauning'inizia kokoto, nikapima unainama kiasi gani, ili nijue ugumu wake na uzito wake majini vinalingana vipi na vya kebo kubwa. Msidharau hatua hiyo. Mfano usiopimwa ni mwanasesere tu.

Kisha nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikapaka mstari mmoja ulionyooka juu ya waya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Waya ukikaa sawa, mstari unakaa juu. Waya ukisokotwa, mstari unazunguka, na mtu yeyote mwenye macho anauona.

Siku ya kikao nikaulaza mara mbili mbele yao. Mara ya kwanza waya uliokunjwa nane: mstari ukabaki juu mpaka chini ya pipa. Mara ya pili waya uliokunjwa duara: mstari ukaanza kuzunguka kama kamba ya kiatu, ukazunguka zaidi kadiri ulivyokaribia chini, na nilipolegeza mkono kidogo tu, waya ukaruka kitanzi pale unapogusa pipa. Nikavuta. Kitanzi kikakaza, kikawa kipindo ambacho hata koleo halikukinyoosha.

Mshauri akainama, akanusa.

"Samahani, mama. Hii ni rangi ya kucha?"

Wakacheka mpaka mkurugenzi akafuta machozi. Tangu siku hiyo mfano wangu ukaitwa Kucha za Kabula. Mtu ameonyeshwa kebo yake itakavyokufa, anacheka rangi ya kucha! Hasira ile ninayo mpaka leo naandika, na sioni haya kuisema.

Mzee Bwire hakucheka. Alisimama, akasema neno moja: "Ikunjwe nane, basi. Nafasi itapatikana."

Mkurugenzi, nadhani kwa kutaka tumwachie aende zake, akajibu, "Sawa, sawa. Mwandikieni msimamizi wa mkandarasi hayo maelekezo yenu."

Tukatoka tumeshinda. Nilifurahi sana. Nilikaa mezani kwangu, nikachukua karatasi safi, nikaandika kwa herufi zangu nzuri za kuchorea: *Kebo ikunjwe nane.* Na kwa kuwa nilitaka mzee wangu apate heshima yake mbele ya wale waliomjibu "poa," nikaongeza chini: *Kwa maelekezo ya Mzee Bwire, Fundi Kamba.* Nikampelekea Kibwana, msimamizi wa mkandarasi, mtu wa Dar, mchapakazi, mpole. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Imefika, mama."

Asubuhi ya kupakia tulikatazwa kuingia gatini. Eti bima ya mkandarasi haituhusu. Sisi! Mimi na Mzee tukasimama nje ya uzio, mawe yale ya pwani ya Ilemela yakatuzuia kuona sakafu ya tishali. Tuliona vichwa tu vya vibarua vikizunguka. Ila sauti tulizisikia vizuri. Walikuwa wanaimba pamoja.

"...Tano! Sita! Saba! Nane!"

Kisha kimya kidogo. Kisha, "Moja! Mbili! Tatu!"

Mzee Bwire akanigeukia. "Kabura, wale wanahesabu nini?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Walikuwa wanazungusha duara nane, wanafanya tabaka, wanaanza tabaka jingine la duara nane. Mzee naye akaelewa. Akaukimbilia mlango wa uzio kwa umri wake ule, akagonga kwa viganja, akapiga kelele, "Simamisheni! Siyo hesabu! Ni umbo! Umbo!" Mlinzi akamshika kifua. Kibwana akaja ameshika karatasi yangu.

"Mzee, tatizo nini? Mmesema nane, tumekunja nane."

Tukamweleza. Maskini, alishika kichwa. Hakuwa na kiburi, angekunjua. Lakini aliyekuwa na neno la mwisho ni Mshauri, akaitwa, akaja na miwani yake ya jua. Akasikiliza. Akasema zaidi ya nusu imeshapakiwa, tishali ni ya kukodi, boti imeshapangwa, kukunjua na kukunja upya hakuwezekani. Kisha akatoa maneno ambayo nitayakumbuka hata kaburini: "Nane ni nane tu, mzee. Tusilete mambo ya kamba za mitumbwi."

Kwa hiyo nataka mlielewe hili, ninyi mnaocheka. Walijua. Kabla kebo haijagusa maji walikuwa wameambiwa kwa mdomo, mchana kweupe, na mtu aliyesimama mbele yao jasho likimtoka. Kosa la neno lilikuwa limeshagunduliwa. Kilichofuata hakikuwa kosa la neno.

Wakalaza. Ziwa lilikuwa limetulia, na mwanzo kebo ilishuka vizuri, Mshauri akapiga picha. Katikati ya safari injini ya boti ikazima. Muda mfupi tu, wanasema. Lakini kebo ikalegea, na kinyongo cha duara zote zile kilikuwa kimekusanyika kule chini kikisubiri siku hiyo. Boti ikawaka, ikavuta. Walipofika kisiwani na kupima, kebo ilikuwa imekufa. Kwenye zahanati ya kisiwa walikuwa wameshaweka friji la chanjo, limefungwa utepe.

Baadaye waliivuta juu sehemu iliyokatika. Ilitoka na kipindo kilekile cha pipa langu, sawasawa, ila kinene kama paja, nyaya za chuma zimefumuka nje kama kikapu kilichokaliwa. Niliwaomba niipige picha niiweke kando ya waya wangu wa breki. Nikaambiwa si kazi ya idara ya michoro.

Wakaunda kamati. Watu watatu, meza moja, bilauri za maji. Kibwana alikuwa ameshahojiwa na kupewa tiketi ya kurudi Dar. Mshauri alikaa upande wao wa meza, si upande wetu, na hilo peke yake lilitosha kutuambia hukumu. Karatasi yangu ilikuwa mbele yao.

Orodha ya kupunguzwa ilikuwa itoke mwezi huo. Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwisha kupunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Nasema hivyo mjue nilikuwa nawaza nini, sisemi ili mnihurumie.

Mwenyekiti akaniuliza, "Karatasi hii ni yako?"

"Mwandiko ni wangu," nikasema.

"Na maneno?"

Mzee Bwire alikuwa ameketi pembeni yangu, kofia magotini. Kulikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kusema kwamba yeye alitamka tu, kuyaandika bila mchoro niliamua mimi. Ningeweza kusema kwamba tuliwaonya pale langoni, na huyo mwenye miwani ndiye aliyekataa. Ningeweza kuomba wanipe pipa na maji. Nikasema, "Maneno ni ya Mzee."

Ilikuwa kweli. Hakuna uongo niliowahi kusema uliofanya ubaya kama ile kweli.

Wakamgeukia. "Mzee Bwire, haya ni maneno yako?"

Akanitazama kidogo. "Ndiyo. Nane ni yangu."

Ripoti ikaandikwa kwamba chanzo ni maelekezo yasiyo sahihi ya fundi kamba Bwire kuhusu idadi ya mikunjo. Idadi! Ya langoni hawakuandika hata mstari. Pipa langu hawakuandika. Injini iliyozima wakaiita "hali ya ziwa." Orodha ilipotoka jina lake lilikuwa la kwanza, na mbele yake neno uzembe, mtu aliyekuwa hajawahi kuangusha hata ndoo. Hakuagwa kwa keki. Alirudisha viatu vya kazi stoo, akasaini, akaondoka na kofia yake. Mimi nilibaki. Baada ya mwaka mmoja ikaletwa kebo nyingine na wataalamu wengine, nao wakaikunja nane juu ya tishali kubwa zaidi, wakaiita kwa jina la kigeni, na wakubwa wetu wakaandika kwenye daftari kana kwamba wanasikia mara ya kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wanasema. Huyu alinyongwa na haki yake ikapewa wengine.

Ilinichukua muda mrefu kupata uso wa kwenda Majita. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaunga kamba za nyavu za wanawe, mikono minene vilevile. Nikapiga goti. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kabura. Hujambo? Watoto?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikaanza kulia kabla hata ya la kwanza. Akaniacha nilie, akaendelea na kamba yake. Mkewe akaleta uji. Nilipomaliza kulia nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilipaswa kusema."

"Ulikuwa na watoto," akasema. "Hilo nimeshaliacha. Kuna jingine moja tu linanisumbua, nimekuwa nikisema ukija nitakuuliza."

"Niulize, Mzee."

"Wewe si mchoraji? Meza yako yote ilikuwa na kalamu. Kwa nini uliandika?"

Mstari mmoja tu wa kalamu, kulia ukarudi kushoto, na Kibwana angeelewa, vibarua wasiojua kusoma wangeelewa, na mzee yule angestaafu nasi tungemkatia keki. Mimi niliyefundishwa kuchora, siku ya kuchora niliandika, kwa sababu nilitaka jina lake lionekane vizuri kwenye karatasi. Likaonekana.

Mzee Bwire amezikwa kulekule Majita, haoni tena tunavyolitumia jina lake. Nimeenda masijala wiki hii na barua ya kuomba ripoti ile irekebishwe, wameipokea, wamegonga muhuri, najua itakaa. Kwa hiyo nawaomba ninyi. Nane ya Bwire ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Siku mtu akiharibu kazi hapo ofisini na mkatafuta neno la kumcheka, semeni amefanya karatasi ya Kabula.

Na kwenye faili la kebo ile, juu ya ripoti, nimebana karatasi moja ya kunakilia. Nimeichora kwa wino, nane iliyolala, na mishale inayoonyesha mkono unakoanzia na unakorudia. Sikuandika neno hata moja.